Chupa mbili za O hasi Tanga: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wataalamu wa maabara, wakunga na waratibu wa uchangiaji damu. Jina la mgonjwa, umri kamili, tarehe na hospitali zilizohusika vimeondolewa. Mpangilio wa matukio na majibu ya maabara vimeachwa, maana humo ndimo mna la kujifunza.

Mgonjwa

Mjamzito wa miaka ishirini na kitu, mkazi wa wilaya mojawapo ya pwani ya mkoa wa Tanga, alifikishwa hospitali akiwa na mimba ya wiki 30, damu ikimtoka ukeni bila maumivu yoyote. Altrasaundi ilionyesha kondo la nyuma limekaa chini na kuziba mlango wa kizazi. Hii ilikuwa mimba ya tatu. Ya kwanza alijifungua salama, ya pili iliharibika ikiwa changa. Damu ilikata yenyewe baada ya saa chache. Himoglobini ilikuwa gramu 9.8 kwa desilita. Akalazwa.

Kondo likikaa hapo hakuna kujifungua kwa njia ya kawaida, na upasuaji wake huweza kumwaga damu nyingi kwa dakika chache. Utaratibu wa wodi ulitaka chupa zisizopungua 2 ziwe zimeshalinganishwa na damu ya mgonjwa kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Kwa wagonjwa wengi hilo ni jambo la kupeleka fomu benki ya damu na kusubiri. Kwa huyu halikuwa hivyo, kwa sababu sampuli ya wodini ilirudi na jibu la O, Rh hasi, yaani chembe zake nyekundu hazina alama iitwayo D.

Kadi yasema chanya, maabara yasema hasi

Kadi ya kliniki ya mimba ya kwanza ilikuwa imeandikwa O+. Mtaalamu wa zamu aliamini kadi. Hoja yake: hasi ni wachache mno hapa kwetu, basi jibu lililo tofauti na mazoea ndilo la kutiliwa shaka.

Hoja hiyo inavutia, lakini haina mashiko. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki wenye Rh hasi ni kati ya 3 na 6 katika kila watu 100. Tuchukue 4 kama kadirio la kupangia. Kliniki inayopima wajawazito 50 kwa wiki itakutana na hasi 2 kila wiki, wiki baada ya wiki. Ukipima wajawazito 200 kwa mwezi na daftari lisionyeshe hasi hata mmoja, uwezekano wa hilo kutokea kwa bahati tu haufiki 1 katika 1,000. Daftari la namna hiyo linataka vitendanishi vyake, yaani dawa za kupimia, vikaguliwe.

Msimamizi wa maabara aliamuru kipimo kirudiwe kwa sampuli mpya, iliyochukuliwa na mtu mwingine na kuandikwa jina palepale kitandani. Hatua zilikuwa hizi. Chembe nyekundu zilioshwa kwa maji ya chumvi na kuchanganywa hadi asilimia 3 hivi. Tone 1 la chembe liliwekwa pamoja na tone 1 la anti-D, kitendanishi kinachoshikanisha chembe zenye D, kwenye kila bomba la kioo, kwa anti-D za aina 2 kutoka vichupa tofauti. Kando yake yaliwekwa mabomba mawili ya uthibitisho: chembe zinazojulikana kuwa chanya na zinazojulikana kuwa hasi. Baada ya kuzungushwa kwenye mashine, mabomba yalitikiswa polepole na kusomwa. Chembe za mgonjwa hazikushikamana kwa kitendanishi chochote, huku chembe chanya za uthibitisho zikishikamana donge moja.

Kadi ilikosea wapi? Kituo kilichoiandika kilikuwa kikipimia kwenye kigae cheupe. Njia hiyo inafaa ikisomwa ndani ya dakika 2. Kigae kikiachwa mezani kwenye joto la Tanga huku mtaalamu akiita mgonjwa anayefuata, tone hukauka pembeni na chembe hujikusanya ukingoni. Jicho lenye haraka husoma hilo kuwa kushikamana. Kichupa cha anti-D kinachoshinda nje ya friji nacho huharibika, ila hicho huleta kosa la upande wa pili: chanya dhaifu kusomwa hasi.

Kosa la kadi lilikuwa na gharama iliyojificha. Mama huyu alijifungua mara moja na mimba ikaharibika mara moja bila kuchomwa sindano ya anti-D, ambayo humzuia mama aliye hasi kujenga kingamwili dhidi ya damu chanya ya mtoto. Mume ni A chanya. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote jingine, seramu ya mgonjwa, yaani maji ya damu yasiyo na chembe, ilipimwa kuona kama tayari amejenga kingamwili: chembe chanya za kundi O zikawekwa pamoja na seramu kwenye nyuzi 37 kwa dakika 30, zikaoshwa mara 3, kikaongezwa kitendanishi cha Coombs, ambacho hushikanisha chembe zilizovikwa kingamwili, zikazungushwa. Jibu lilikuwa hasi, na chembe za uthibitisho zilizovikwa kingamwili zikashikamana kama inavyotakiwa, ikionyesha kwamba kitendanishi hakikuuawa na uoshaji mbaya. Alikuwa na bahati.

Baada ya sampuli hiyo kuchukuliwa, ndipo alipochomwa anti-D mikrogramu 300, ndani ya saa 72 tangu damu ianze kutoka. Mpangilio huo ni muhimu: ukichoma kwanza, kipimo cha kingamwili kitasoma dawa uliyochoma mwenyewe, na kwa wiki kadhaa hutajua ni ipi ya mgonjwa na ipi ya sindano. Dawa ilinunuliwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi ndani ya kisanduku cha barafu, imefungwa karatasi ili isigusane na vipande vya barafu. Ikiganda haifai tena.

Hesabu ya mji

O ni karibu nusu ya watu hapa. Nusu ya 4 katika 100 ni 2 katika 100. Kwa hiyo kwa wastani wahitajika wachangiaji 100 kupata chupa 2 za O hasi. Huo ni wastani. Ukitaka uhakika wa asilimia 95 kwamba utapata angalau 2, jiandae kupima watu karibu 240, kabla hujawatoa wale wenye damu pungufu, uzito chini ya kilo 50, au majibu ya homa ya ini.

Hesabu hiyo si ya dunia nzima. Ulaya ya Magharibi wenye Rh hasi ni kama 15 katika 100, na kwa Wabasque wa mpakani mwa Uhispania na Ufaransa hufika 30. China na Japani hawafiki hata 1. ABO, yaani mgawanyo wa A, B, AB na O, nayo hubadilika: kundi B, ambalo Ulaya ya Magharibi ni kama mtu 1 katika 10, kaskazini mwa India na Asia ya Kati hufika robo ya watu au zaidi, na wenyeji wa asili wa Amerika ya Kati na Kusini karibu wote ni O. Jambo hili lilianza kuonekana mwaka 1919, Ludwik na Hanka Hirszfeld walipochapisha vipimo vya askari wa mataifa mengi waliokusanywa Thessaloniki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waliona A ikipungua na B ikiongezeka kadiri walivyotoka Ulaya kwenda Asia. Sababu za tofauti hizo zimechanganyika: kuhama, vikundi vidogo kujitenga na kuoana vyenyewe, na magonjwa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa kundi jingine la damu, la Duffy. Afrika ya Magharibi karibu watu wote wamekosa antijeni, yaani alama, za kundi hilo kwenye chembe nyekundu, na kwa sehemu kubwa hilo huwakinga na malaria ya vivax, ambayo hutumia antijeni hiyohiyo kama mlango wa kuingilia.

Wodini tofauti hizi ziliingia kwa sura ya ushauri. Mmoja wa ndugu alisema nendeni kwa Wahindi wa mjini. Mwingine akasema watafuteni Wazungu wanaojitolea mashuleni. Ushauri wa kwanza haukuwa na faida: miongoni mwa watu wa asili ya India Rh hasi ni kama 5 katika 100, na kwa kuwa B ni nyingi kwao, O hasi inabaki palepale, kama 2. Angekuwa anatafutwa B hasi, hapo ingekuwa na maana. Ushauri wa pili kimahesabu ni sahihi, O hasi kwa Ulaya ya Magharibi ni 6 au 7 katika 100, lakini waliopo Tanga ni wachache na hawakai. Tena mtu mmoja si wastani wa jamii yake. Rangi ya mtu haijawahi kuwa kipimo cha kundi la damu, na pwani hii iliyochanganya damu kwa karne nyingi ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kukisia.

Wito wa WhatsApp

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoa wito. Ujumbe ukazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, misikitini na makanisani. Watu walikuja, na hilo ni la kushukuru: ndani ya siku 4 walifika zaidi ya 60. Benki ya damu ilifanya jambo moja la busara, kupima kundi kwa tone la kidole kabla ya kumlaza mtu kitandani. Bila hivyo mifuko ingejaa O chanya na A chanya isiyotafutwa wiki hiyo, na watu hao wasingeweza kuchangia tena kabla ya miezi 3 kwa mwanamume na 4 kwa mwanamke.

O hasi alipatikana 1. Himoglobini yake ilikuwa 11.2, na kiwango cha kuchangia ni 12.5. Hakuchangia.

Matokeo hayo hayakuwa bahati mbaya. Watu 60 kwa kiwango cha 2 katika 100 ni mtu 1 na kidogo, na huyo 1 bado ana chujio la afya mbele yake. Mtu angekaa na kalamu dakika 5 kabla ya kutuma ujumbe, angeliona hili.

Baba mmoja, mama mmoja

Uamuzi wa pili ndio uliogeuza kisa. Rh hasi hurithiwa kwa njia ambayo lazima mtu apokee nakala hasi ya jeni kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Hasi wakiwa 4 katika 100, nakala hasi ni 20 katika 100 ya nakala zote zilizomo katika jamii. Kutoka hapo uwezekano wa jamaa wa mgonjwa kuwa hasi unahesabika:

Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja: 36 katika 100.
Mzazi au mtoto: 20.
Ndugu wa upande mmoja tu: 12.
Binamu: 8.
Mpita njia: 4.

Ukiongeza sharti la kuwa O, ndugu kamili wa mtu wa O hasi ana uwezekano wa kama 26 katika 100 wa kuwa O hasi naye. Mpita njia ana 2. Yaani kumpima kaka mmoja ni sawa na kupima watu 13 wa barabarani. Wazazi wakiwa wenyewe ni mabinamu, jambo lisilo geni pwani, uwezekano wa kaka na dada hupanda zaidi.

Familia ilileta watu 9 waliojitambulisha kuwa ndugu. Mkunga aliuliza kila mmoja kwa faragha: baba yenu ni mmoja? mama je? Wakabaki 5. Wa baba wengine na mabinamu hawakufukuzwa, waliwekwa foleni ya pili.

Kabla ya hao 5, maabara ilimwita mama mzazi. Alishangaa, kwa kuwa anatumia dawa za presha.

“Mwanangu, mimi na presha hii nitatoa damu gani?”

“Hatutaki chupa yako, mama. Twataka tone la kidole tu.”

Tone lile lilikuwa na thamani kuliko lilivyoonekana. Mama alikuwa O hasi. Kwa kuwa hasi hana nakala nyingine ya kutoa, kila mtoto wake ameshapokea nakala moja hasi kwake, na swali linabaki kwa baba peke yake, marehemu aliyekuwa kundi A kwa kumbukumbu ya kadi yake ya hospitali. Uwezekano wa kila ndugu kamili kuwa hasi ukapanda kutoka 36 hadi 60 katika 100. Familia ikaambiwa ifanye kila njia kumleta hata yule anayeishi Muheza na yule wa Pangani, badala ya kuendelea na matangazo.

Katika wale 5 waliokwisha kufika, hasi walikuwa 3: kaka O, dada O, na dada mwingine A. Wa A hafai kwa mgonjwa wa O. Dada wa O alikuwa ananyonyesha mtoto wa miezi 4, akaachwa. Kaka alifaulu kila kipimo.

Hapa timu ilikwepa mtego ambao wengi hawaujui. Damu ya ndugu kamili ina chembe nyeupe zinazofanana sana na za mgonjwa. Mara chache sana mwili wa mgonjwa hushindwa kuzitambua kuwa ngeni, zikaota na kumshambulia, na hali hiyo ikitokea karibu kila mara huua. Kinga yake ni kupiga damu mionzi ya greyi 25, na mashine hiyo haikuwepo. Badala yake hospitali ikapatana na kituo cha damu cha kanda: chupa ya kaka iende kanda, na kutoka akiba yao ije chupa ya O hasi ya mtu asiye na undugu naye. Kanda ilikuwa nayo 1.

Siku za uhai wa chupa nazo ziliwekwa kwenye hesabu. Damu iliyo kwenye mfuko wenye CPDA-1, dawa ya kuihifadhi, huishi siku 35 katika nyuzi 2 hadi 6. Chupa ikija mapema mno itafia kwenye friji, kwa hiyo iliombwa ije mgonjwa akiwa wiki ya 35.

Chupa ya pili ilitoka kwenye daftari la benki ya damu. Msaidizi alipitia miaka 3 ya kurasa akiwatoa hasi. Namba nyingi za simu zilikuwa zimekufa. Mmoja aliyepokea, mwanamume wa O hasi aliyewahi kuchangia akiwa mwanafunzi, alikuja siku ya pili yake.

Usiku wa upasuaji

Mgonjwa alianza kutoka damu tena akiwa wiki ya 35 na siku 5, saa 7 usiku. Chupa zote 2 zilikuwa zimeshalinganishwa kwa njia ya Coombs kwenye nyuzi 37. Kulinganisha kwa maji ya chumvi kwenye joto la chumba huona hasa makosa ya ABO, na kingamwili nyingine nyingi za hatari huziacha zipite.

Kulikuwa na mpango wa tatu ulioandikwa ndani ya faili na kusainiwa na daktari na mgonjwa mwenyewe: hasi ikiisha na damu bado inamwagika, apewe O chanya. Kwa kuwa hakuwa na kingamwili alizojenga mwenyewe, chanya isingetarajiwa kumletea madhara makubwa ya papo hapo. Hatari ingekuwa kujenga kingamwili kwa ajili ya mimba zijazo. Kifo cha kutokwa damu hakingojei mimba zijazo. Chupa 2 za O chanya zilikaa kwenye friji zikiwa na lebo yake.

Alipoteza kama lita 1.4. Alipewa oksitosini na asidi ya traneksamiki gramu 1 za kupunguza kutoka damu, na chupa zote 2 za hasi. Chanya hazikufunguliwa. Mtoto alizaliwa hai, A chanya, akapelekwa chumba cha joto kwa sababu ya uzito. Anti-D nyingine ya mikrogramu 300 ilichomwa saa 20 baada ya kuzaa.

Kilichofaa na kilichokwama

Kurudia kipimo kwa sampuli mpya badala ya kusuluhisha kadi na jibu kwa maneno ndiko kulikookoa kila kitu kilichofuata. Kumpima mama mzazi asiyeweza kuchangia ni hatua ya gharama ndogo kuliko zote katika kisa hiki, na ndiyo iliyoleta taarifa nyingi kuliko zote. Mpango wa O chanya kuandikwa mchana, vichwa vikiwa vimetulia, uliondoa mabishano ambayo kwa kawaida hutokea saa 7 usiku.

Wito wa hadhara ulipoteza siku 4. Haukuwa na kosa kama wito wa kujaza akiba ya kawaida, na baadhi ya waliokuja walichangia kwa ajili hiyo baadaye. Kama njia ya kutafuta kundi la 2 katika 100 kwa mgonjwa mmoja, ulipaswa kuja baada ya familia na daftari.

Kipimo cha kukadiria damu ya mtoto iliyoingia kwa mama hakikufanyika. Mikrogramu 300 hufunika mililita 30 hivi za damu ya mtoto. Kondo lililokaa chini na kukatwa wakati wa upasuaji linaweza kuvujisha zaidi ya hapo. Mtoto kuwa A na mama O kulisaidia kiasi, kwa kuwa kingamwili za mama dhidi ya A huziondoa chembe za mtoto kabla hazijatambuliwa kwa Rh, lakini huo si mpango wa tiba. Pasipo kipimo, katika upasuaji wa aina hii timu ingekuwa na sababu ya kujadili dozi ya pili.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo maabara za kwetu hulibeba bila kulijua. Chembe za kutafutia kingamwili zinazonunuliwa kutoka Ulaya hutoka kwa wachangiaji wa huko, na antijeni kama Js(a), V na VS, ambazo ni za kawaida kwa watu wa asili ya Afrika, mara nyingi hazimo. Jibu safi la uchunguzi kwa chembe hizo halitoshi peke yake. Kinachomlinda mgonjwa wa Tanga ni kulinganisha seramu yake na chupa halisi atakayopewa, kwa njia ya Coombs. Tahadhari nyingine ya aina hiyo inahusu vipimo vya vinasaba: Wazungu walio hasi karibu wote wamepoteza jeni nzima ya RHD, ile inayotengeneza D, ilhali Waafrika wengi walio hasi wanayo ikiwa imeharibika na haifanyi kazi. Kipimo kinachoangalia tu kama jeni ipo kinaweza kumwita chanya mtu aliye hasi.

Mambo mawili yalibaki mikononi mwa hospitali. Daftari la wachangiaji hasi lilitengwa na daftari kuu, likaongezewa nafasi ya namba 2 za simu, na msaidizi akapewa kazi ya kuzipigia kila miezi 4. Na dada wawili walio hasi walifunguliwa mafaili. Yule wa kundi A ana watoto 2, na kadi zake zote mbili zimeandikwa “A” bila alama ya Rh mbele yake. Sampuli yake ya kingamwili ilichukuliwa siku hiyohiyo.